Meza ya Kukunja kwa Gari la Kulala Safarini

Kabla ya kushika msumeno, fungua gari lako na uamue meza itakaa wapi wakati haitumiki. Wengi huanza na ukubwa wa meza wanayoitamani, kisha hugundua kwamba haina pa kuwekwa ila juu ya kitanda, na kila usiku huwabidi kuitoa nje ndipo walale. Katika Toyota HiAce niliyoing'oa viti vya abiria na kuitia kitanda na kabati la jikoni, nafasi pekee iliyobaki ilikuwa mwanya wa sentimita 7 kati ya kabati na benchi. Kwa hiyo unene wa meza iliyokunjwa, pamoja na miguu yake, haukuweza kuzidi sentimita 6, na vipimo vingine vyote vilifuata hapo.

Meza yenyewe ina uso wa sentimita 85 kwa 60 na miguu miwili tu, kwa kuwa upande wa pili huning'inia kwenye ubao uliofungwa ukutani mwa gari. Ubao mwingine kama huo ukifungwa kwenye kabati linalotazama mlango wa nyuma, meza hiyo hiyo hutumika nje. Mbao zote mbili zifungwe ili uso wa meza uwe sentimita 70 kutoka pale miguu inaposimama, yaani sakafu ya gari kwa meza ya ndani na ardhi kwa meza ya nje.

Tumia plaiwudi ya milimita 15. Robo ya shiti ya futi 8 kwa 4 inatosha, na uso utakaoupata huwa na kilo 5 hivi. Ukuta wa gari umepinda, basi usiamini futi peke yake: kata boksi la kadibodi, liegemeze ukutani, lipunguze kidogo kidogo kwa mkasi mpaka mwanga usipenye, kisha chora umbo hilo kwenye plaiwudi. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata, ili ngozi ya juu ya plaiwudi isichanike. Pembe zilizo upande wa kupita watu zizungushe vizuri, kwa maana ndani ya gari nyonga hugonga meza mara kwa mara.

Ubao wa kuning'iniza ndio unaohitaji utulivu zaidi. Chukua ubao mgumu wa unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 7, uupasue katikati kwa urefu wake huku msumeno umelazwa kwa nyuzi 45. Utapata vipande viwili vinavyoumana. Kimoja kifunge garini, ncha yake kali ikitazama juu na ikiwa mbali na ukuta. Cha pili kitie gundi na skrubu chini ya ukingo wa meza, ncha ikitazama chini, ili kishuke nyuma ya kile cha kwanza. Skrubu za garini ziingie kwenye mbavu za chuma, si kwenye bati tupu. Hakikisha kwanza kwamba nyuma yake hakuna nyaya, na kila tundu ulipake rangi, kwani kutu huanzia hapo.

Kwa miguu, bomba la mraba la milimita 20 huteleza vizuri ndani ya lile la milimita 25. Toboa matundu kila baada ya sentimita 3 na utumie pini, ili kila mguu urefushwe peke yake pale ardhi inapoinama. Mguu ufungwe kwa bolti ya milimita 8 kwenye kipande cha mbao kilichogundishwa chini ya meza, na nati iwe ile yenye pete ya nailoni ndani, kwa sababu mtikisiko wa barabara hulegeza nati ya kawaida. Nyuma ya mguu weka kizuizi kitakachouzuia usifunguke kupita kiasi.

Piga msasa namba 120, kisha 220, halafu vanishi mara tatu. Upande wa chini upate vanishi sawa na wa juu, la sivyo unyevu utaingia upande mmoja na meza itapinda. Kingo za plaiwudi hunywa sana, hivyo ziongezee mkono mmoja.

Mwisho, gundisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ndani ya mwanya wa kuhifadhia, na uifunge meza kwa mkanda wenye kifungo cha chuma. Usiuache mkanda huu hata kwa safari fupi: breki ya ghafla huirusha mbele meza isiyofungwa, kuelekea kichwa cha dereva. Kisha liendeshe gari polepole kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, redio ikiwa imezimwa. Ukisikia mgongano, simama, tafuta inakogusa, uongeze mpira.