Kujenga na Kutunza Bwawa la Kambale Ndani ya Nyumba

Kambale wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, huuzwa akiwa kifaranga wa urefu wa kidole, na akipata lishe nzuri katika maji ya uvuguvugu anaweza kufikisha uzito wa kilo 1 kabla mwaka haujaisha. Huendelea kukua hata kupita urefu wa mita 1. Anayetaka kumfuga ndani ya nyumba hana budi kupanga bwawa kwa kipimo cha samaki mzima, kwa kuwa bwawa la zege likishajengwa halipanuliki, na samaki aliyekosa nafasi ya kugeuka hujichubua pua na sharubu kwenye kuta.

Napendekeza upana wa bwawa uwe angalau mara mbili ya urefu wa samaki mzima. Kambale watano wanaotarajiwa kukaribia mita 1 watatoshwa na bwawa la mita 3 kwa 2, lenye maji ya kina cha sentimita 70. Hizo ni lita 4,200, yaani tani 4.2, na kila mita ya mraba ya sakafu itabeba kilo 700 kabla hujahesabu uzito wa kuta. Sakafu ya ghorofani katika nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba takribani kilo 150 hadi 200 za watu na samani kwa mita ya mraba. Kwa hiyo bwawa la namna hii likae chini, juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, na lisijengwe ghorofani pasipo hesabu za mhandisi.

Kuta zijengwe sentimita 40 hivi juu ya usawa wa maji, pembe ziviringwe kwa plasta laini, na sakafu ielekee bomba la kutolea maji lililo chini kabisa, kwa sababu kinyesi na mabaki ya chakula hutulia hapo. Juu weka fremu ya mbao au chuma yenye wavu imara na kufuli. Kambale ana nguvu za kuruka, na akishatoka hujikokota sakafuni kwa mapezi ya kifuani mpaka mbali. Lakini sababu kubwa zaidi ya kufuli ni watoto wa nyumbani, ambao wanaweza kuzama hata katika maji ya magotini. Usifunike kwa kitu kinachoziba hewa. Kambale hupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa kwa kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua, na akizuiwa kufika juu anaweza kufa.

Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alikali, kufikia kiwango cha kuua samaki. Jaza bwawa, acha maji siku kadhaa, yamwage, kisha rudia kwa wiki 2 au 3, ukipima kila mara hadi pH ishuke chini ya 8.5. Jambo hili halina njia ya mkato.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana hapa ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Kwa kuwa kambale hupumua hewa ya juu, huvumilia maji machafu ambayo yangemuua sato kwa usiku mmoja, na mwenye bwawa humwona angali hai akadhani mambo ni shwari. Kumbe amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, inamchoma matamvua, inampunguzia hamu ya kula na kumfungulia mlango wa maradhi ya ngozi, naye hana magamba ya kumkinga. Fanya hesabu hii: kambale watano wa kilo 3 kila mmoja wana kilo 15, wakilishwa asilimia 1 ya uzito wao, hula gramu 150 kwa siku. Kila kilo ya chakula cha samaki huzaa takribani gramu 30 za naitrojeni ya amonia, kwa hiyo bwawa letu hupokea gramu 4.5 kila siku, ambayo ni kama miligramu 1 kwa kila lita ya maji. Pasipo chujio, kiwango hicho hurundikana siku baada ya siku. Ukali wake hutegemea pia pH: katika maji ya nyuzi 28, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7, lakini hukaribia asilimia 7 pH ikifika 8.

Chujio linalofaa ni la sehemu mbili, ya kwanza ikinasa uchafu na ya pili ikiwa na kokoto au vipande vya plastiki ambamo huota bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, hivyo anza na samaki wachache wadogo na ulishe kidogo kidogo. Pampu isukume angalau lita 4,000 kwa saa. Umeme ukikatika, kambale ataendelea kupumua, ila bakteria wa chujio watakosa oksijeni baada ya saa kadhaa. Basi usilishe mpaka umeme urudi, na kama ulikatika muda mrefu, mwaga maji yaliyolala ndani ya chujio kabla ya kuwasha. Soketi ziwe juu, mbali na marusho ya maji, na waya zipitie kikata umeme kinachojizima mkondo ukivuja.

Kila wiki badilisha robo ya maji, na hayo machafu yamwagie migomba au mboga. Maji ya bomba yenye klorini yaache siku nzima katika tangi la wazi huku yakipulizwa hewa.

Joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo linalomkuza. Dar es Salaam na Mombasa halina taabu, lakini Mbeya, Njombe au Limuru wakati wa baridi maji hushuka chini ya nyuzi 20, kambale akapoteza hamu ya kula, na hapo punguza chakula badala ya kumlazimisha. Chumba kiwe na dirisha linalofunguka, la sivyo unyevu utaotesha ukungu ukutani.

Nunua vifaranga wa ukubwa mmoja kutoka kwa mzalishaji anayejulikana, na wachambue kila wiki mbili wakiwa wadogo, kwa sababu aliyetangulia kukua huwameza wenzake. Zibia mwanga nusu ya bwawa na uweke vipande vya bomba pana vya kujifichia. Kambale hupenda giza, na mwanga mkali huwazidishia ugomvi. Vifaranga hulishwa hadi asilimia 5 ya uzito wao kwa siku, chakula chenye protini ya asilimia 40 hivi, kisha kiwango hushushwa kadiri wanavyokua. Unapomshika mkubwa, tumia wavu na taulo lililoloweshwa, ukichunga miiba ya mapezi ya kifuani.

Wapo wanaotamani kambale mkia mwekundu wa Amazon, naye hupita mita 1. Huyo hapumui hewa ya juu kama wetu, na kwa maoni yangu bwawa la nyumbani la ukubwa huu halimfai kabisa.

Wakizidi, waliwe, wauzwe au wagawiwe majirani. Wasitupwe mtoni: huko India na Brazil, kambale wa Afrika waliotoroka mabwawani wamekuwa tishio kwa samaki wa asili. Anayekusudiwa kuliwa asilishwe kwa siku moja kabla, akae katika maji safi ili tumbo liwe tupu.