SOMO: Kupanda na watoto hadi Mandara na kushuka siku hiyohiyo (someni kabla ya kuniuliza)

Wakuu salaam. Tangu shule zifungwe nimejibu swali moja mpaka vidole vimechoka: "Mwanangu ana miaka kadhaa, anaweza kupanda Kilimanjaro?" Kileleni, akiwa chini ya miaka 10, haruhusiwi. Lakini mlima si kilele tu. Ipo safari ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, na mwenye pumzi anasogea mpaka kreta ya Maundi. Mnapita msitu wa mvua na vijito, mnaona mbega, na juu kabisa mnachungulia ile nyika ya baridi yenye nyasi na vichaka. Nimekwenda na wanangu mara nne. Mara tatu vizuri, mara moja vibaya, na hiyo moja ndiyo imeandikisha somo hili.

1. Msimu. Januari na Februari, au mwisho wa Juni hadi Oktoba. Masika msijaribu, mizizi ya njiani inakuwa sabuni.

2. Kibali na mwongozaji. Mwongozaji awe na leseni, hamwingii wenyewe. Malipo ya hifadhi ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Beba kitambulisho chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, msije mkabishania umri getini.

3. Usafiri. Moshi, Himo, Marangu Mtoni kwa Hiace, halafu teksi au bodaboda mpaka getini. Mkiwa wengi kodini gari. Mnaotoka mbali laleni Marangu.

4. Viatu. Raba yenye meno, iliyokwisha kuzoeleka mguuni. Wakateni watoto kucha za miguu jana yake, maana wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kilomita nane nzima.

5. Chakula. Mayai ya kuchemsha, viazi, ndizi mbivu, karanga. Chupa ya chai yenye sukari ni lazima. Maji mtie kwenye chupa za kudumu, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.

6. Njia. Getini mko kama mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Mandara ni 2,720. Umbali ni kilomita nane kwenda na nane kurudi. Kuna njia mbili: ile pana wanayopita wagumu, yaani wapagazi, na mizigo yao, na ile nyembamba inayokatiza msituni kando ya maji. Shikeni ya msituni. Katikati kuna mahali pa kupumzika panaitwa Kisambioni. Mtoto wa chini ya miaka minane mimi namgeuzia hapo, naye anarudi akijisifu kwamba amepanda mlima.

7. Nguo kavu na saa ya kugeuka. Hapa someni polepole.

Ilikuwa Agosti. Moshi mjini jua kali, nikajiona mjanja, nikaacha makoti ya mvua nyumbani kupunguza mzigo. Kijana wangu, miaka tisa wakati ule, alivaa jinzi. Tulianza kutembea saa tano asubuhi kwa sababu ya uzembe wangu mwenyewe. Baada ya Kisambioni ukungu ukashuka, ukaja na manyunyu yale ambayo huyasikii yakidondoka ila unajikuta umelowa. Dogo akalalamika baridi, kisha akalalamika tena, kisha akanyamaza. Mimi nikamsifu: "Sasa umekuwa mwanaume." Tulifika Mandara saa tisa. Mwongozaji alipomwambia afunge zipu ya sweta, vidole vikakataa, na maneno yakawa yanamtoka kama ya mlevi. Yule bwana hakunibembeleza. Alimvua nguo zote za maji, akamvalisha sweta lake mwenyewe, akamnywesha chai ya moto kidogo kidogo huku amemkumbatia. Tulishuka gizani kwa tochi ya simu moja yenye chaji ya kuungaunga.

Kwa hiyo:

Mtoto anayelalamika baridi bado yuko salama. Anayelalamika kisha akanyamaza ndiye wa kumkimbilia, hasa akianza kujikwaa hovyo.

Jinzi na fulana za pamba HAPANA. Pamba ikilowa haikauki huko, inabaki kunyonya joto la mwili. Sweta za manyoya na makoti ya mvua ya watoto yamejaa kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi.

Kila mtoto awe na seti kamili ya nguo kavu, pamoja na soksi, imefungwa kwa nailoni ile inayouzwa kwa mita ya kufunikia meza. Haiguswi mpaka Mandara. Mkifika, mvisheni nguo kavu KABLA ya kula, si baada.

Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, isizidi saa tatu. Saa nane kamili mchana, popote mlipo, mnageuka. Hata kama vibanda mnaviona kwa macho.

8. Maundi. Kama robo saa kutoka Mandara. Nendeni tu kama mlifika kabla ya saa saba na hakuna ukungu. Hali ya hewa ikikubali mnaona vilele vya Kibo na Mawenzi, na upande wa pili tambarare za Kenya.

9. Kushuka. Mtoto atembee nyuma ya mtu mzima, asikimbie. Marangu mkale mtori.

Karibuni maswali.

---

MAMA WAWILI: Asante sana kaka kwa somo. Nimeona picha za miti ya huko juu ina kama ndevu za kijivu zinaning'inia. Ni ugonjwa wa miti? Wanangu wataniuliza, nataka niwe na jibu.

MLETA SOMO: Swali zuri dada. Si ugonjwa. Ni kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja, mti kwao ni mahali pa kuning'inia tu, hawaunyonyi. Wanaishi kwa unyevu wa ukungu. Mwambie mwanao aguse taratibu asubuhi, atakuta zimelowa ingawa mvua haijanyesha. Hapo utapata nafasi ya kumfundisha jambo kubwa zaidi: watu wengi hudhani maji ya Uchaggani yanatoka kwenye theluji ya Kibo, kumbe sehemu kubwa kabisa ni kazi ya msitu huu unaopata mvua nyingi na kukamata ukungu. Mifereji ya wazee wetu ilianzia kwenye vijito vya huko, na maji yake mengine yanaishia mto Pangani. Muonyeshe pia ua dogo jekundu na njano lenye mkia kama wa ng'e, liko kando ya njia kwenye unyevu. Halioti kwingine duniani ila Kilimanjaro.

DOGO WA HIMO: Mkuu jumla shingapi?

MLETA SOMO: Watu wangapi, umri gani, raia au wageni, gari lenu au la kukodi? Hujasema hata kimoja. Ada ziulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hupangwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, na nikiandika hapa mtakuja kunisuta nazo mwakani.

FUNDI_ARUSHA: Tukitoka Arusha saa mbili asubuhi tunawahi?

MLETA SOMO: Hapana. Namba 7.

FUNDI_ARUSHA: Mbona shemeji yangu alianza kupanda saa sita na akarudi fresh tu?

MLETA SOMO: Shemeji yako alikuwa na watoto?

FUNDI_ARUSHA: Hapana, walikuwa vijana watupu.

MLETA SOMO: Basi.

BINTI MCHUMI: Shikamoo. Mdogo wangu ana selimundu, ana miaka 12, anatamani sana. Inawezekana?

MLETA SOMO: Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, na hili sikujibu kwa kubahatisha. Baridi na kupungukiwa maji mwilini ni vitu vinavyoamsha maumivu kwa mwenye selimundu, na mlimani viko vyote viwili, juu yake hewa inakuwa nyepesi. Mpelekeni kwanza kliniki anakohudhuria, wao ndio waseme ndiyo au hapana. Wakikataa asibaki nyumbani analia: maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni, ni matembezi mafupi, gari halikai mbali. Nimewahi kumpeleka mama yangu mwenye magoti mabovu, akafurahi kuliko sisi tuliopanda.

BABA JUNIOR: Mimi naona mnawadekeza watoto. Wa miaka mitatu nambeba mgongoni mpaka Mandara, shida iko wapi?

MLETA SOMO: Shida ni kwamba wewe unatembea unatoka jasho, yeye amekaa tu mgongoni anapoa, na hawezi kukwambia. Ukiteleza mnaanguka wawili. Ishia Kisambioni.

BABA JUNIOR: Sawa, hilo la kupoa sikuwa nimelifikiria. Na kuwasha moto kidogo pale juu tuwapashe?

MLETA SOMO: Usithubutu. Ule moto wa Oktoba 2020 ulioteketeza vichaka vya juu siku nyingi ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, vibanda vinavyofuata juu. Vile vichaka vikikauka vinawaka kama petroli. Ndiyo maana nikasema chupa ya chai.

MGUMU MSTAAFU: Nimebeba mizigo njia hiyo miaka kumi na moja. Mleta somo amesema kweli, naongeza mawili. Pale Mandara kuna kima, ukifungua mkoba wa chakula ukageuka, umeliwa. Wasilishwe hata ganda la ndizi. La pili, kila mtoto apewe filimbi na afundishwe kwamba akipiga mara tatu watu wazima wote wanasimama. Ukungu ukishuka humwoni aliye hatua kumi mbele.

MLETA SOMO: Mzee, heshima yako. Hilo la filimbi naliongeza. Hawatazipiga njia nzima lakini?

MGUMU MSTAAFU: Watazipiga mpaka Kisambioni. Baada ya hapo pumzi ya kuchezea haipo.

MAMA WAWILI: 😂 Kaka, la mwisho: nailoni ya meza, mita ngapi?

MLETA SOMO: Mita moja kwa kila mtoto. Kunja kama bahasha, funga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Chukua ile nene, nyembamba inachanika kwenye mkunjo.