Namna ya kuratibu mradi wa afya ya akili ya wanafunzi Kenya, Tanzania na Uganda

Mwenzangu aliyekabidhiwa mradi wa afya ya akili ya wanafunzi katika nchi hizi tatu aliniuliza aanzie wapi. Maelezo ya simu yakawa marefu, nikaona heri niyaandike ili na wengine wayapate. Nimeyapanga kwa mfuatano ambao mimi ningeufuata nikipewa kazi hiyo kesho.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Maana yake ukiingia shule ya wanafunzi mia saba na ukawauliza vizuri, utawapata wanaohitaji msaada, tena wengi. Mipango yako yote ianzie hapo.

Hatua ya 1: Jua nani ana mamlaka

Kenya, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Wizara inatunga sera, lakini nesi unayemhitaji ni mwajiriwa wa kaunti. Tanzania Bara, zahanati, vituo vya afya na shule za serikali ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barua ya Wizara ya Afya peke yake haikufikishi darasani. Zanzibar ihesabu kama nchi ya nne, kwa sababu afya si jambo la Muungano. Uganda, baada ya wizara, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya.

Hatua ya 2: Vibali vya utafiti

Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha kaunti yenyewe. Tanzania Bara ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Uganda ni kamati ya maadili ya taasisi, halafu UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Zanzibar ina Taasisi yake ya Utafiti wa Afya. Peleka andiko lilelile kote kwa wakati mmoja, na mambo ya kila nchi yawe kwenye kiambatisho. Kamati moja ikitaka mabadiliko, wajulishe na wengine, la sivyo utajikuta una mradi mmoja wenye matoleo matatu.

Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi za 2019, Tanzania ya 2022. Taarifa za afya za mtoto ni taarifa nyeti. Kama seva yako iko nje ya nchi, liseme hilo kwenye maombi kabla hujaulizwa.

Hatua ya 3: Kalenda za shule

Kenya na Uganda zina mihula mitatu, Tanzania miwili. Aprili Kenya wako likizo, Mei zamu ya Uganda, Juni Tanzania wamefunga. Kuanzia Oktoba shule za sekondari zinawaza mitihani ya taifa, usizisumbue. Ukitaka kazi ya pamoja, lenga katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi, au nusu ya pili ya Julai.

Hatua ya 4: Jenga njia ya rufaa kabla ya kumuuliza mtoto swali lolote

Hapa tulia. Hatua hii ndiyo inayokula muda kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu kwenye karatasi inaonekana imekamilika: kuna jedwali, kuna majina ya hospitali, kuna namba za simu. Jedwali hilo lisikutoshe. Piga simu kila kituo, tena uliza kama mwenye shida ya kweli: "Dada, nikikuletea binti wa miaka 14 Ijumaa saa tisa alasiri, nani atamwona?" Usiulize kama wana huduma ya afya ya akili, maana jibu ni ndiyo siku zote. Swali la Ijumaa saa tisa ndilo litakalokuonyesha kwamba nesi wa afya ya akili yupo Jumanne na Alhamisi tu, au amehamishwa, au anapokea watu wazima peke yao, au dawa zimeisha na mgonjwa anaandikiwa akanunue duka la nje.

Ukishapata majibu, andika kwa kila shule: mtu wa kwanza wa kumwona mtoto, mtu wa pili kama wa kwanza hayupo, umbali, nauli ya kwenda na kurudi ya mtoto na mzazi, na nani analipa nauli hiyo. Nauli iwe kwenye bajeti. Nimeona rufaa nzuri ikiishia stendi kwa sababu mama hakuwa na pesa ya kurudi nyumbani.

Hospitali kubwa kama Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma na Butabika ya Kampala ziwe mwisho wa njia, zisiwe mwanzo. Watoto wengi watasaidiwa karibu na nyumbani na mshauri nasaha au muuguzi aliyefunzwa kwa mwongozo wa mhGAP wa WHO, ulioandikwa kwa wahudumu wasio mabingwa wa afya ya akili, na ambao una sehemu ya watoto na vijana.

Sasa suala zito: mtoto anayesema anafikiria kujiua. Kila nchi ina sheria yake, usinakili utaratibu wa nchi moja ukaupeleka nyingine. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu kuwa kosa, na Uganda nako ni kosa. Kufikiria kujiua si kosa kokote kati ya nchi hizi, lakini mwalimu mwenye hofu hatofautishi, na anaweza kukimbilia polisi kabla ya hospitali. Kwa hiyo:

- Kaa na mwanasheria wa kila nchi kabla ya mafunzo, si baada ya tukio.
- Waambie walimu waziwazi kwamba mtoto anaanzia kwa mhudumu wa afya, na mtu mzima anakaa naye muda wote mpaka akabidhiwe.
- Tanzania, ulizia hospitali mapema kama watadai PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwa mtoto aliyekunywa sumu au kujijeruhi, na mkubaliane kwamba matibabu yatangulie.
- Barua ya rufaa iwe fupi na ifungwe kwenye bahasha. Mtaalamu aelezwe kila kitu, lakini mwanafunzi mwenzake asibebeshwe siri hiyo mkononi.
- Si kila mzazi ni salama. Kama mtoto anaumizwa nyumbani, mwite afisa ustawi wa jamii, au afisa wa watoto kwa Kenya, kabla ya kuwaita wazazi.

Namba 116 ni ya bure ya kusaidia watoto katika nchi zote tatu. Ibandike ukutani, ila usiihesabu kama rufaa. Ni mlango wa ziada.

Mwisho wa hatua hii fanya jaribio. Siku ya kawaida, mwalimu mmoja afuate njia nzima kama vile ana mtoto wa kweli, kuanzia ofisini kwake hadi kiti cha mtaalamu. Palipokwama, rekebisha, urudie. Shule isiyopita jaribio hili isianze, hata kama mfadhili anasukuma.

Hatua ya 5: Ridhaa na hojaji

Mtoto ni aliye chini ya miaka 18 katika nchi zote tatu, kwa hiyo kwa kawaida mzazi au mlezi anaridhia na mtoto naye anakubali kwa kinywa chake. Uganda ina nafasi maalumu kwa vijana wanaojitegemea. Isome kwenye miongozo ya UNCST. Kwa shule za bweni, ridhaa kusanya siku ya kufungua au ya wazazi kutembelea, maana fomu wanazotumiwa wazazi kupitia wanafunzi hazirudi.

Hojaji ya SDQ, ya kupima hisia na tabia za mtoto, yenye maswali 25, haibadilishwi wala kutafsiriwa bila idhini ya wenye haki zake. PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, ni ya bure, lakini swali lake la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kifo na kujidhuru. Usilitumie mahali ambapo hatua ya 4 haijakamilika.

Hatua ya 6: Takwimu

Tumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu au tableti. Inafanya kazi bila intaneti, na fomu moja inabeba Kiswahili, Kiingereza na Kiganda. Sikubali kabisa majina ya watoto kwenye jedwali la kutumiana kwa WhatsApp. Weka sharti kwenye fomu: jibu la swali la 9 la PHQ-9 likizidi sifuri, skrini ionyeshe maandishi mekundu, "Mtoto asiondoke. Mwite msimamizi sasa," pamoja na namba yake. Ukisubiri takwimu zipande kwenye seva jioni, mtoto ameshafika nyumbani peke yake.

Hatua ya 7: Vikao na usimamizi

Kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 ninapendelea EASE, mpango wa WHO uliotolewa 2023 wa kuwafundisha vijana wadogo kumudu msongo na hisia: vipindi 7 vya watoto na 3 vya walezi, vinavyoendeshwa na watu wasio wataalamu ila wamefunzwa na wanasimamiwa. Neno "wanasimamiwa" lizingatie. Kila wiki, wawezeshaji wa kila nchi wakae na mtaalamu wao, wapitie kesi, na waulizwe wao wenyewe wanaendeleaje. Kikao cha nchi zote tatu kinatosha mara moja kwa mwezi, nacho kianze na rufaa zilizokwama, ripoti zifuate baadaye. Na kila muhula unapofunguliwa, vituo vyote vipigiwe simu upya kwa swali lile la Ijumaa saa tisa, kwa sababu wauguzi huhamishwa na hakuna atakayekutaarifu.