Siku ambazo dawa haikuwepo: namna ya kukokotoa oda ya zahanati bila kupotoshwa na leja

Oda ya dawa inaweza kujazwa kwa dakika ishirini: unafungua nakala ya oda iliyopita, unainakili, halafu unaongeza kidogo kwenye zile dawa ambazo wagonjwa walizikosa wakarudi mikono mitupu. Inaweza pia kujazwa kwa nusu siku, ukiwa na leja, kikokotoo na kalamu. Mwongozo huu ni wa hiyo nusu siku. Umeandikwa kwa ajili ya anayeshika stoo ya zahanati au kituo cha afya, na mwenye duka la dawa anaweza kutumia hesabu hizi hizi.

Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu uko kwenye namba unazoziingiza, kwa sababu leja huandika kilichotoka, haiandiki kilichohitajika. Mgonjwa aliyekuja dawa ikiwa imeisha hana mstari wake kwenye leja.

Anzia kwenye rafu

Kabla ya kugusa kikokotoo, hesabu mzigo kwa mkono. Wawe watu wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika kwenye karatasi tupu, na leja ibaki imefungwa. Anayejua kwamba leja inasema 3,400 akikuta 3,250 atarudia kuhesabu mpaka zifike 3,400. Hafanyi hivyo kwa nia mbaya, ndivyo macho yanavyofanya kazi yakishajua jibu. Fungueni leja baada ya kumaliza rafu zote.

Msiishie stoo. Kuna dawa dirishani zinakotolewa kwa wagonjwa, kuna vipimo maabara, kuna oksitosini, sindano ya kuzuia damu kumtoka mama baada ya kujifungua, kwenye friji ya chumba cha kujifungulia. Zilizokwisha muda tengeni pembeni, hazihesabiwi kuwa mzigo.

Tofauti ikionekana kati ya rafu na leja, usifute namba ya zamani. Andika mstari mpya wenye tarehe, neno "marekebisho", kiasi kilichozidi au kupungua, na sababu kama inajulikana. Baada ya miezi kadhaa mistari hiyo itakuonyesha dawa gani inavuja, na hilo huwezi kuligundua kwenye leja iliyokwanguliwa kwa wembe.

Kosa linaloharibu leja nyingi ni la kipimo. Mmoja anaandika "2" akimaanisha makopo mawili ya vidonge 1,000, mwenzake wa zamu inayofuata anaandika "500" akimaanisha vidonge. Chagua kipimo kidogo kabisa, yaani kidonge, kapsuli, chupa au kichupa cha sindano. Kiandike juu ya kila ukurasa na usikibadili hata mzigo mpya ukija kwenye makopo ya 100.

Kipi kinaitwa matumizi

Matumizi ni dawa iliyomfikia mgonjwa, basi. Iliyokwisha muda si matumizi. Iliyovunjika si matumizi. Makopo matatu uliyoiazimisha zahanati ya jirani si matumizi ya kituo chako, na ukiyaacha humo yatakuongezea oda ya dawa ambayo wagonjwa wako hawaihitaji.

Kama dirishani hakuna rejesta ya kuaminika, pata matumizi ya mwezi kwa njia hii: salio la mwanzo wa mwezi, jumlisha kilichopokelewa, toa salio la mwisho wa mwezi, toa kilichoharibika au kuhamishwa. Masalio yote mawili yawe ya stoo na dirisha pamoja. Ukitumia ya stoo peke yake, boksi lililopelekwa dirishani tarehe 29 litaonekana limeshatumika, kumbe bado limefungwa.

Hesabu yenye mtego

Tuchukue parasetamoli ya vidonge vya 500 mg. Leja inaonyesha Januari vilitoka 6,200, Februari 5,800, Machi 2,100. Jumla ni 14,100. Ukigawanya kwa 3 unapata wastani wa 4,700 kwa mwezi, na fomu ingejazwa hivyo.

Sasa tazama safu ya masalio ya Machi. Salio lilifika sifuri tarehe 12 na likabaki hapo mpaka mzigo ulipofika. Siku 20 hapakuwa na kidonge hata kimoja. Kwa hiyo zile 14,100 hazikutumika katika miezi 3. Zilitumika katika miezi 3 ukiondoa siku 20. Badili siku kuwa mwezi kwa kugawanya kwa 30.5: 20 ÷ 30.5 ni 0.656. Toa kwenye 3, unabaki na 2.344. Gawanya 14,100 kwa 2.344, jibu ni karibu 6,015.

Kuanzia hapo, oda inakwenda hivi. Kituo kinachoagiza kila baada ya miezi 2, ambacho mzigo huchukua mwezi 1 kufika, na kinachoweka akiba ya mwezi 1, kinahitaji kuwa na dawa ya miezi 4. Kwa wastani sahihi ni 6,015 × 4 = 24,060. Kama rafuni kuna 4,300 na hakuna oda ya zamani iliyo njiani, unaomba 19,760, yaani makopo 20 ya 1,000. Kwa ule wastani wa 4,700 ungeomba 14,500, makopo 15.

Makopo matano yaliyopungua yatakula sehemu kubwa ya akiba, na huenda dawa ikaisha tena kabla mzigo unaofuata haujafika. Leja itaandika sifuri nyingine, wastani utashuka tena, na oda ya tatu itakuwa ndogo kuliko ya pili. Upungufu unazaa upungufu, huku kila fomu ikiwa imejazwa "kwa mujibu wa takwimu". Ndiyo maana tunasisitiza safu moja ya ziada kwenye leja: siku ambazo dawa haikuwepo. Bila safu hiyo kila hesabu inayofuata ina kasoro.

Njia hii nayo ina mpaka wake. Kama kati ya siku 91 dawa ilikuwepo siku 10 tu, usiitumie. Siku hizo 10 watu hujaa kwa sababu wamesikia dawa imekuja, na wengine huchukua za akiba, hivyo wastani utapaa kupita kiasi. Dawa ikiwa imekuwepo chini ya mwezi mmoja kati ya mitatu, rudi nyuma utafute miezi ambayo ilikuwepo mfululizo.

Kuna pia kubana. Salio likishuka, mtoaji dawa huanza kumpa mgonjwa siku tatu badala ya tano, au kuwapa watoto tu. Leja haiandiki sifuri, kwa hiyo unaona kama hali ni ya kawaida, lakini matumizi yaliyoandikwa ni pungufu. Dawa ya kubana ni tarehe: siku mnapoanza kupunguza dozi, andikeni ukingoni mwa ukurasa, na siku mnapoacha, andikeni tena. Kipindi hicho kihesabiwe kama kilichokosa dawa. Si hesabu kamili, ila inakaribia ukweli kuliko kujifanya hakuna kilichotokea.

Dawa inapochukua nafasi ya nyingine

Mseto wa malaria ni mfano mzuri kwa sababu huja katika pakiti nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Za 24 ni za mwenye kilo 35 na kuendelea. Zikiisha, mtoaji dawa mwenye akili humpa mtu mzima pakiti mbili za 12, na amefanya vema, kwa kuwa dozi imetimia. Lakini tazama leja ya mwezi huo: za 24 zilitoka 20, za 12 zilitoka 95, za 18 zilitoka 6, za 6 zilitoka 10.

Ukizisoma kama zilivyo, utaagiza rundo la pakiti za 12 na kuwanyima watu wazima. Fungua rejesta ya wagonjwa wa nje uwahesabu waliotibiwa kwa uzito. Tuseme wenye kilo 35 na zaidi ni 60, wenye kilo 15 hadi 24 ni 15. Basi watu wazima 40 walipewa pakiti mbili mbili, jumla 80, na ukizitoa kwenye 95 zinabaki 15, sawasawa na hao watoto. Mahitaji halisi ni pakiti 60 za 24 na pakiti 15 za 12.

Rejesta hiyo hiyo inakupa kipimo cha pili. Pakiti zilizotoka ni 131, lakini wagonjwa waliozipata ni 91. Linganisha 91 na idadi ya vipimo vya haraka vya malaria vilivyotoka chanya. Vikiwa 88, hakuna la kushtua: hao watatu huenda walipimwa kwa hadubini. Vikiwa 50, acha oda kwanza, nenda ukaulize. Ama mseto unatolewa kwa waliopimwa wakaonekana hawana, ama rejesta haijazwi, ama dawa zinatoka mlango mwingine. Kuongeza oda hakutibu hata moja kati ya hayo.

Malaria pia ina misimu. Oda ya dawa zitakazotumika baada ya mvua za masika isikokotolewe kwa miezi ya kiangazi peke yake. Chukua wagonjwa waliothibitika mwaka jana Aprili hadi Juni, wagawanye kwa wa Januari hadi Machi. Kama walikuwa 180 na 120, jibu ni 1.5, na ndiyo unayozidisha na wastani wa sasa. Tumia idadi ya wagonjwa, usitumie idadi ya dawa, kwani mgonjwa huandikwa hata siku ambayo stoo ni tupu.

Kilicho kingi nacho kina hesabu yake

Kwa kila toleo la dawa lenye tarehe yake ya kuisha muda, gawanya kiasi kilichopo kwa wastani wa mwezi. Dozi 900 zenye matumizi ya 60 kwa mwezi zitachukua miezi 15. Kama muda wake unaisha baada ya miezi 8, utatumia 480 na 420 zitaoza rafuni. Toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya mwezi huu, zihamishwe zingali na miezi minane. Ukisubiri zibaki na mwezi mmoja, hakuna jirani atakayezipokea, na atakuwa na haki.

Fedha zisipotosha, usikate kila dawa kwa asilimia ileile. Linda kwanza zile ambazo kukosekana kwake kwa siku moja kunaweza kuua: oksitosini, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, sindano ya atesuneti ya malaria kali. Pungufu liende kwenye zile ambazo mgonjwa anaweza kusubiri au zina mbadala uliopo.

Ukiamua kuomba tofauti na hesabu, labda kwa sababu kambi ya wachimbaji imehamia kijijini au mganga mfawidhi anajua jambo ambalo leja haijui, omba. Ila andika pembeni namba ya hesabu, namba uliyoomba, na sababu kwa maneno machache. Oda inayofuata, kabla ya kuanza kuhesabu rafu, fungua ukurasa huo uone ipi kati ya namba hizo mbili ilikuwa karibu na kilichotumika.