Kusoma Vitabu vya Vita na Mateso Pamoja na Vijana wa Kigoma

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fasihi, mkutubi au msimamizi wa klabu ya usomaji anayetaka kusoma na wanafunzi wa sekondari vitabu ambavyo wahusika wake ni vijana walionaswa na vita au walioandamwa na wenye nguvu. Kazi hiyo hufanyika katika mikoa mingi, lakini mkoani Kigoma ina uzito wa pekee. Darasa moja la Kasulu au Kibondo linaweza kuwa na mtoto ambaye bibi yake alivuka mpaka wakati wa mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, mwingine ambaye jamaa zake walikimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, na mwingine aliyekua akisikia habari za kijiji cha Kagunga mwaka 2015, pale maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni, kipindupindu kikawakuta hapohapo, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha kwa awamu hadi Kigoma mjini. Msomaji wa namna hiyo hasomi habari za mbali hata kama kitabu kinasimulia Amsterdam au Freetown, na msimamizi anayelisahau jambo hilo anaweza kumwumiza mtoto bila kukusudia.

Nashauri kazi yote ijengwe juu ya swali moja: kijana huyu alikuwa na uamuzi gani mkononi mwake, aliuchukua vipi, na nani aliulipia gharama? Wanafunzi wengi huanza kwa kumtafuta shujaa katika mlio wa bunduki, na si ajabu, kwa kuwa filamu nyingi wanazoziona katika vibanda vya video zimewazoesha hivyo. Swali la uamuzi huwaondoa huko taratibu, bila msimamizi kulazimika kuhubiri.

Kuchagua kitabu

Kitabu kinachofaa ni kile ambacho kijana ana nafasi ya kuamua, hata kama nafasi hiyo ni finyu. Kitabu ambacho mtoto anapigwa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kufanya lolote huwaachia wasomaji huruma tupu, na kile ambacho anawashinda wote huwaachia uongo.

Anzeni na kilicho karibu. Takadini ya Ben Hanson, ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika somo la Kiingereza katika sekondari zetu, inahusu mtoto mwenye ualbino katika jamii ya Zimbabwe ya zamani ambayo desturi yake ilitaka mtoto wa aina hiyo auawe. Mama yake, Sekai, anatoroka naye usiku na kuomba hifadhi katika kijiji cha ugenini, ambako mzee Chivero anawapokea. Katika mkoa ambao shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, imekuwa kimbilio la watoto wenye ualbino waliohofiwa kuuawa, hakuna haja ya kuwaeleza wanafunzi kwa nini habari hii inawahusu. Zungumzieni zaidi miaka ya ujana wa Takadini, anapojifunza kupiga mbira, ala ya muziki, mbele ya watu ambao wangependa asionekane. Kutoroka ulikuwa uamuzi wa mama. Kujitokeza hadharani ni uamuzi wake yeye.

Kwa Kiswahili, Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inafaa sana kwa sura zinazomwonyesha Karama kizimbani, akishitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, akijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande kutafuta heri ya nchi na kuambulia adhabu waliporudi. Hakuna silaha katika utetezi huo. Wanafunzi wataona haraka kwamba anayeteswa kwa maneno yake anaweza kuendelea kutumia maneno hayohayo.

Wapo watakaopendekeza maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu njia zake zilipita Tabora na Ujiji, na kwa sababu anaanza kwa kueleza alivyotoka kwa biashara akiwa na umri wa miaka 12. Kisomeni kwa kusudi moja tu: kuwaonyesha vijana jinsi kitabu kinavyoweza kusheheni vita na misafara huku vijana waliobebeshwa pembe wakikosa nafasi ya kusema lolote. Kipindi kimoja kinatosha.

Shajara ya Anne Frank

Kitabu hiki ndicho kinachotajwa zaidi, na mara nyingi kinafundishwa kwa kuanzia mwisho wake. Anne alizaliwa Frankfurt tarehe 12 Juni 1929. Alipotimiza miaka 13 alipewa daftari, na wiki chache baadaye, Julai 1942, familia yake ya Kiyahudi, ikihofia kukamatwa na Wanazi wa Ujerumani, ikajificha katika vyumba vilivyokuwa nyuma ya ofisi ya baba yake, Otto, mjini Amsterdam. Watu 8 waliishi humo kwa zaidi ya miaka miwili, hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Anne alifariki katika kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka 1945, na kati ya wote 8 ni Otto peke yake aliyenusurika.

Mwalimu akianza na kifo, wanafunzi humsoma Anne kama mtakatifu, na mtakatifu hana cha kumfundisha mtoto wa miaka 15. Anzeni na kurasa ambazo anagombana na mama yake, anawasema watu wazima waliojificha pamoja naye, na anajilaumu kwa ukali wa ulimi wake. Wanafunzi watacheka, na kicheko hicho kiachwe. Kisha waelezeni kilichotokea mwezi Machi 1944: waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni Uingereza alitangaza redioni kwamba baada ya vita shajara na barua za watu wa kawaida zingekusanywa, na Anne, aliyekuwa na miaka 14, akaanza kuandika upya shajara yake yote, akipunguza hapa na kuongeza pale, akibuni majina ya bandia kwa wenzake. Huo ndio uamuzi wa kuukalia kikao kizima. Msichana asiyeruhusiwa kufungua dirisha aliketi kuhariri kazi yake kama mwandishi anayetarajia wasomaji.

Baada ya hapo mtajeni Bep Voskuijl, mpiga chapa wa ofisi, aliyekuwa na miaka 23 wakati familia ilipojificha na aliyekuwa miongoni mwa waliowaletea chakula. Yeye angeweza kukataa na kurudi kwao jioni bila lawama ya mtu yeyote, ilhali Anne hakuwa na pa kukataa. Mwenzake, Miep Gies, ndiye aliyeziokota karatasi za Anne baada ya kukamatwa, akazifungia kwenye droo bila kuzisoma, na akamkabidhi Otto ilipojulikana kwamba mtoto hatarudi. Kitabu kikachapishwa mwaka 1947. Waulizeni wanafunzi watofautishe ujasiri wa mtu aliyekosa njia na ujasiri wa mtu aliyekuwa na njia akaiacha. Mjadala huu huwa mrefu, na nisingeukatisha kwa ajili ya kumaliza silabasi ya klabu.

Mtoto anayeshindwa

Ukisoma tu habari za waliosimama imara, utamjengea kijana kipimo kinachomhukumu yeye na jamaa zake. Kwa hiyo ni lazima pawe na kitabu ambacho kijana anashindwa, analazimishwa au anachelewa. Riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays, iliyotoka Ufaransa mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari, inafaa kuliko zote ninazozijua. Msimulizi wake, Gabriel, ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, na anakulia Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili la Tanganyika, wakati uchaguzi wa mwaka 1993 na mauaji yaliyofuata yanapoivunja nchi. Marafiki zake wa mtaani wanajigeuza kuwa kikosi cha kuulinda uchochoro wao. Gabriel anajitenga, anaazima vitabu kwa jirani, mama wa Kigiriki, na kusoma. Je, huo ni woga? Wavulana wengi watajibu ndiyo bila kufikiri, kisha mmoja atauliza wale waliokuwa wanaulinda uchochoro waliulinda dhidi ya nani hasa, na hapo kikao kitakuwa kimeanza.

Karibu na mwisho, Gabriel anashurutishwa kutupa kiberiti cha gesi kwenye gari lililomwagiwa petroli huku mtu akiwa ndani. Ukurasa huo usisomwe kwa sauti. Msimamizi ausimulie kwa maneno yake, kwa ufupi, kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na kuendelea, akiwa amewatahadharisha tangu kikao kilichotangulia kwamba sehemu nzito inakuja na kwamba asiyetaka kuisikia anaweza kukaa nje bila kuulizwa sababu.

Hapo ndipo sheria husaidia fasihi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na unakataza asishiriki vitani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji, mwezi Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15 huko Ituri, nchini Kongo. Mwanafunzi akijua kwamba aliyeshitakiwa alikuwa mkubwa aliyewatuma, hupata maneno ya kumzungumzia mtoto aliyelazimishwa bila kumwita muuaji na bila kumsafisha kwa haraka. Tawasifu ya Ishmael Beah wa Sierra Leone, A Long Way Gone, iliyochapishwa mwaka 2007, inaweza kufuata, ila someni sehemu za baada ya vita, ambapo muuguzi Esther anamwambia mara kwa mara kwamba yaliyotokea si kosa lake, na maneno hayo yanamkasirisha kabla hayajamtuliza.

Kikao chenyewe

Nakala moja inatosha. Vitabu kadhaa kati ya hivi vilitoka kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiholanzi, kwa hiyo msimamizi achague kurasa mbili au tatu, azitayarishe kwa Kiswahili chepesi kabla, na kuzisoma kwa sauti huku wanafunzi wakiwa wameketi kwa duara. Wanafunzi 12 hadi 15 ni wengi wa kutosha. Anayetaka kunong'onezana na mwenzake kwa Kiha au Kirundi aachwe, maana mambo mazito mara nyingi huhitaji kupita kwenye lugha ya nyumbani kwanza.

Kabla ya yote, msimamizi azungumze na mkuu wa shule na mwalimu wa unasihi, kisha atangaze kanuni moja mbele ya wote: hakuna atakayeulizwa habari za familia yake. Kauli kama "Wewe si mmetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hebu tuambie" ikatazwe hata inaposemwa kwa nia njema. Mtoto akiamua mwenyewe kusimulia, asikilizwe hadi mwisho, asisukumwe kuongeza, na asipigiwe makofi kama msanii. Akinyamaza ghafla, akainamisha kichwa au akatoka nje, amfuate mtu mzima mmoja aliyepangwa tangu mwanzo, si kundi la rafiki wenye udadisi.

Maswali ya mjadala yawe machache na yahusu matini. Mhusika alijua nini wakati huo, tofauti na sisi tunaojua mwisho? Njia gani nyingine ilikuwepo? Nani angeumia kama angechagua njia hiyo? Swali la "ungekuwa wewe ungefanya nini?" silipendi, kwa sababu linawapa nafasi wenye maneno mengi kujisifu kwa vita wasivyopigana, na linamgusa vibaya yule ambaye kwao jambo hilo lilitokea kweli.

Kuandika baada ya kusoma

Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu kijana wa kubuni aliye mbele ya uamuzi mmoja: kumpa mgeni maji, kubeba mdogo wake au mzigo, kusema jina la mtu aliyejificha. Aandike katika nafsi ya tatu, akipe kijiji jina lisilokuwepo, na asimulie muda wa saa moja tu. Nafsi ya tatu humpa anayetaka kusema ya kwao pazia la kujisitiri, na saa moja humzuia asiyejua vita kurundika mabomu aliyoyaona kwenye filamu. Msimamizi arekebishe vitenzi na mpangilio wa matukio kama anavyofanya kwa insha yoyote. Kuacha makosa kwa kuwa habari inasikitisha ni kumdharau mwandishi.

Kazi hizo zinaweza kusomwa Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, inayokumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976, mradi kila mwandishi ameridhia, na anayetaka asomewe na mwingine au lisitajwe jina lake atimiziwe. Zisibandikwe ukutani wala kupigwa picha kwa ajili ya makundi ya WhatsApp ya wazazi. Ukisoma kazi ukaona dalili kwamba mwandishi yuko hatarini sasa hivi, iwe ni kipigo nyumbani au mtu anayemtishia njiani, usiijadili darasani. Mwite peke yake akiwa na mwalimu wa unasihi, kisha peleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina malipo. Karatasi nyingine zote zirudi kwa wenyewe kabla ya shule kufungwa.