Maua ya kiangazi ukiwa Uingereza: usichague kwa picha ya pakiti

Kila mwaka ikifika mwisho wa Februari supamaketi za huku zinajaa vile vipakiti vya matunguu ya maua, yale mavimbe kama vitunguu au viazi unayofukia ardhini, vyenye picha za kung'aa, dalia, gladiola, lili, begonia, na kila mwaka lazima kuna Mswahili mwenzetu atarudi home na vipakiti kumi, anavifukia vyote wikiendi hiyohiyo alafu Juni anapiga simu, "mbona hamna kitu kimeota?" Sicheki sana maana mwaka wangu wa kwanza hapa Leicester huyo mtu nilikuwa mimi. Nilitoa maua yangu ya kana nje mwanzo wa mwezi wa nne kwa sababu jua liliwaka siku tatu mfululizo nikasema basi, joto limeingia. Wapi bana. Usiku mmoja tu jalidi, ule umande unaoganda usiku unakuta nyasi nyeupe asubuhi, ikapiga, kulipokucha nakuta majani meusi yamelala kama mchicha uliochemshwa.

Kwahiyo kabla hujatazama rangi wala bei, jiulize maswali mawili. Jalidi ya mwisho kwako ni lini? Na ikifika Novemba una mahali pakavu pasipoganda pa kuweka vitu? Ukishajua hayo mawili nusu ya vipakiti utavirudisha mwenyewe kwenye shelfu.

Msimu wenyewe wa kupanda unaangukia Machi hadi Mei, miezi ya masika kule kwetu, ila huku hufuati mvua unafuata jalidi. Kusini mwa England kwa kawaida inakuwa imeisha katikati ya Mei, sisi wa katikati tunasubiri mpaka mwisho wa Mei, na walioko Scotland wajipe mpaka mwanzo wa Juni. Mijini ndani ndani kuna joto zaidi kidogo kuliko mashambani, na roshani inayotazama kusini inaweza kukupa wiki moja mbele, lakini usiringe.

Sasa kuna maua yanayovumilia na kuna mayai. Gladiola, lili na krokosmia unaweza kuyafukia nje tangu Machi mwishoni au Aprili, ardhi ikishaacha kuganda, sababu yanakaa chini huko yamejifunika na yanachukua muda kutoa kichwa. Dalia, kana, begonia, hao ni mayai. Unawaanzishia ndani kwenye vyungu karibu na dirisha lenye mwanga Machi au Aprili, wanatoka nje jalidi ikiisha, na hata hapo usiwatoe ghafla, wiki nzima unawatoa mchana unawarudisha usiku mpaka wazoee upepo.

Dukani shika kwa mkono. Pakiti nyingi zina vitundu, bonyeza, tunguu zuri ni gumu na zito kwa ukubwa wake, likiwa jepesi kama kizibo limeshakauka, likiwa linabonyea limeoza, likiwa limetoa chipukizi refu jeupe ndani ya pakiti limekaa kwenye joto la duka muda mrefu mno, liache. Ukiona namba kama 12/14 kwenye gladiola au 14/16 kwenye lili hiyo ni sentimita za mzunguko wa tunguu, na kubwa maana yake maua mengi zaidi, ndo maana ile pakiti ya bei poa yenye matunguu 50 mara nyingi ni madogo ya kukupa majani tu mwaka wa kwanza. Mi bora ninunue kumi wakubwa.

Dalia ina mtego wake. Ile inayofanana na viazi vitamu vilivyofungwa pamoja, chipukizi haitoki kwenye kiazi chenyewe kama mbatata, inatoka juu pale shingo inapokutana na shina la zamani. Kiazi kinene namna gani kama shingo imevunjika au hamna kipande cha shina hakitaota, utakimwagilia mpaka Krismasi. Na begonia watu wengi wanaipanda kichwa chini, upande wenye shimo ndo unatazama juu. Nusu ya begonia "zilizokufa" nilizoletewa niziangalie zilikuwa zimepinduliwa tu.

Uchague ipi? Kama ni mwanzo wako anza na dalia, moja au mbili. Zinachanua Julai mpaka jalidi ya kwanza, na kadri unavyokata maua ya kuweka mezani ndo zinazidi kutoa. Kwa chungu chukua aina fupi, yale marefu ya mita moja na nusu kwenye roshani yenye upepo yatakuvunjia moyo. Mi naipenda ile ya Bishop of Llandaff, nyekundu yenye majani meusimeusi, ya tangu miaka ya 1920 huko Cardiff, haipitwi na wakati na nyuki wanaifuata sana kwa sababu katikati pako wazi, si kama zile za duara zilizojaa petali ambazo nyuki hana pa kuingilia. Mmea ukifika sentimita 30 hivi kata kilele, unauma lakini kata, utatanuka pembeni.

Kama nyumba yako haipati jua la kutosha, usihangaike na dalia wala kana, hizo zinataka saa sita za jua kwa siku. Weka begonia, zinakubali kivuli cha nusu siku na zinakaa vizuri hata kwenye kikapu cha kuning'iniza.

Gladiola uzuri wake ni mahesabu, toka kupanda mpaka kuchanua ni kama miezi mitatu, kwahiyo usipande zote siku moja, panda tano leo, tano wiki mbili zijazo, mpaka Juni mwanzoni, utakuwa na maua ya kukata kiangazi chote. Zifukie kina cha sentimita 10 hadi 15, ukizipanda juujuu zitaanguka.

Alafu hapa ndo panaponichekesha. Haya maua wanaita ya kigeni, ya kitropiki, kumbe kadhaa ni ndugu zetu. Gladiola na krokosmia asili yao Afrika, agapanthas Afrika Kusini. Kuna gladiola moja nyeupe yenye doa la zambarau kooni, harufu yake jioni siwezi kueleza, inauzwa kwa jina la acidanthera au Gladiolus murielae, ile inaota porini kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Tanzania na Malawi. Inachelewa, huku utaiona Agosti mwishoni au Septemba, lakini ni bei rahisi na ingia nayo tu. Kana si yetu, ni ya Amerika, ingawa utoto wetu wote tumeiona pembeni ya mitaro tukadhani ni ya kwetu.

Na magimbi! Wakenya nduma. Yanauzwa huku kwenye bustani za bei mbaya kama pambo, chungu kimoja kwa hela ya kununulia magimbi ya kulisha familia. Usinunue hayo. Nenda duka la Wahindi au Waafrika, chagua magimbi madogo, magumu, yasiyokatwa, yenye ncha ya pinki kidogo, hiyo pinki ni chipukizi hai. Mwezi wa tatu yaweke kwenye udongo wa mfuko, mahali pa joto hasa, mi naweka karibu na boila, na ukisubiri kwa subira Agosti una majani makubwa ya kufunika mtoto. Yanakunywa maji kama ng'ombe, chungu unaweza kukisimamisha kwenye sahani ya maji na hayalalamiki, tofauti na wengine wengi ambao wakisimama kwenye maji wanaoza.

Watu wanauliza migomba. Ule wa Musa basjoo unavumilia baridi, majira ya baridi unafunga shina kwa majani makavu na kitambaa, kiangazi unachipua, ila ndizi za kula sahau. Ensete, ndugu wa mgomba, yenye majani mekundu ni nzuri kuliko huo lakini lazima iingie ndani kabla ya jalidi na haingii ndani kirahisi, ni kama kuhamisha kabati.

Kuhusu kuleta mbegu na matunguu kwenye begi ukitoka likizo nyumbani, usifanye. Mimea ya kupanda inahitaji cheti cha afya ya mimea, na bila hicho watakunyang'anya mpakani, haya yote yanapatikana huku.

Jambo moja zito. Ukiwa na paka, lili usilete ndani wala kwenye chungu cha mlangoni. Majani, petali, hata ile chavua ya njano akijilamba manyoya inaua figo za paka, na muda wa kumuokoa ni mfupi. Na ile gloriosa yenye maua ya moto, inauzwa kwa kipande cha mzizi, viazi vyake ni sumu kali kwa binadamu pia, nyumba yenye mtoto anayeonja kila kitu ipite tu.

Chungu chochote kiwe na matundu, nimeona watu wananunua cha shilingi, samahani, cha pauni nyingi kisicho na tundu hata moja. Dalia moja inataka upana wa sentimita 30 kwenda juu, kana zaidi. Vyungu vya udongo vinakauka haraka kuliko plastiki, Julai utamwagilia kila siku, na vikianza kutoa vichwa vya maua wape mbolea ya nyanya ya maji kila wiki moja au mbili. Konokono na wenzao wasio na gamba wanapenda chipukizi la dalia kuliko wewe, toka na tochi usiku uwaokote.

Mwisho wa msimu subiri jalidi iguse majani ya dalia yawe meusi, kata shina libaki kama kiganja, ng'oa, kausha kichwa chini siku kadhaa, weka kwenye sanduku lenye udongo mkavu kwenye stoo isiyoganda. Kabla hujafunga sanduku andika jina na rangi kwenye kila kiazi kwa kalamu ya maka, maana mi mwaka jana nilisema nitakumbuka, na sasa nina ndoo nzima ya viazi visivyo na jina, tutajuana Agosti.