Kutoka Jani la Kwanza hadi Supu ya Ijumaa: Kuwapa Watoto Kazi ya Kweli Msimu wa Sikukuu ya Shukrani

Mzazi anayelea watoto Marekani huletewa Sikukuu ya Shukrani nyumbani na mtoto mwenyewe, na mara nyingi huja ikiwa mchoro: kiganja kimezungushiwa penseli, kidole gumba kimegeuzwa kichwa cha bata mzinga na vidole vinne vimekuwa manyoya. Sina ugomvi na mchoro huo, ila kazi yake huisha kwa dakika kumi, ilhali majira yenyewe huchukua wiki tisa au kumi na yana mambo mengi ambayo mtoto anaweza kuyafanya kwa mikono yake, kuyapima na kuyala. Mwongozo huu unafuata kalenda, kuanzia mwisho wa Septemba hadi siku inayofuata sikukuu, nayo sikukuu yenyewe huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba.

Kwanza jina. Kamusi nyingi huyaita majira haya vuli, lakini vuli tunayoijua sisi ni mvua, na mtoto aliyefundishwa kwamba vuli ni wakati wa majani kukauka atashangaa siku bibi yake atakapomwambia kwa simu kwamba vuli imeanza na shamba limelowa. Nyumbani kwetu tunasema majira ya mapukutiko, na watoto wamelipenda neno hilo kwa sababu linasikika kama majani yenyewe yanapoanguka.

Saa ya Kiswahili na jua la Marekani

Majira huanza Septemba 22 au 23, siku ambayo urefu wa mchana na wa usiku hukaribia kulingana. Bandika karatasi karibu na dirisha, na kila Jumapili mtoto aandike saa ambayo jua limezama. Baada ya wiki nne ataona namba zinateremka, na hapo ndipo saa zetu zinapofaa kuliko saa nyingine yoyote, kwa kuwa hesabu ya saa za Kiswahili ilizaliwa karibu na ikweta, mahali ambapo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mjini Boston, jua la mwishoni mwa Juni huzama yapata saa mbili na dakika 25 usiku, na la mwishoni mwa Novemba yapata saa kumi na robo alasiri. Mtoto anayejua maana ya saa kumi na mbili jioni hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna jambo limebadilika.

Jibu la swali lake ni kwamba dunia imeinama nyuzi 23.5 katika mhimili wake. Chomeka kijiti katikati ya chungwa, ulizungushe polepole kuizunguka taa katika chumba chenye giza huku kijiti kikiwa kimeinama na kikielekea upande uleule, naye ataona nusu ya juu ikipata mwanga mwingi upande mmoja na mchache upande wa pili. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, yaani ikifika saa nane usiku huwa saa saba, isipokuwa Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kurekebisha saa zote za nyumba, ikiwemo ile ya oveni ambayo watu wazima huisahau hadi Desemba.

Majani

Rangi ya kijani kwenye jani ni klorofili, ambayo mti huitumia kutengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili mpya na ile iliyopo huvunjikavunjika, kisha rangi za manjano na chungwa, ambazo ni karotenoidi zilizokuwa zimefichika humo muda wote, hujitokeza. Rangi nyekundu ni habari tofauti, kwa kuwa hiyo ni anthosianini, na miti kama mepo mwekundu (red maple) huitengeneza wakati huohuo wa majira kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Mfululizo wa mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyogandisha ndio unaozaa wekundu mkali.

Jambo hili linaweza kuonekana mezani. Okoteni majani yaliyo kwenye njia ya kugeuka, myachane vipande vidogo, myaweke kwenye gilasi na mtu mzima amimine spiriti ya kusafishia vidonda hadi yafunikwe. Ziba mdomo wa gilasi kwa plastiki, kisha iweke ndani ya bakuli la maji ya moto ya bomba kwa nusu saa. Usiipeleke jikoni juu ya moto hata kidogo, maana spiriti huwaka kwa urahisi. Spiriti ikishapata rangi, simamisha ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha yake ikigusa spiriti, na uuache kwa saa moja au zaidi. Rangi hupanda na kuachana, kila moja ikishika mstari wake, na mstari wa manjano unapotokea kutoka kwenye jani lililoonekana kuwa kijani kitupu, hapo mtoto huamini.

Onyo mbili kabla ya kutoka nje. Mmea uitwao poison ivy, wenye vijani vitatu kwenye kila kikonyo, hugeuka mwekundu wa kupendeza majira haya, na mafuta yake husababisha vipele vikali, kwa hiyo jani la kutambaa au la kupanda juu ya shina la mti mwingine lisiokotwe. Pia kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, ambao wamezagaa kaskazini mashariki mwa nchi na katika majimbo kama Wisconsin na Minnesota, bado wanatembea Oktoba na Novemba. Watoto waliojirusha kwenye lundo la majani wakaguliwe wakirudi: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele.

Historia isiyokatwa

Shuleni mtoto huenda akasimuliwa kwamba wageni kutoka Uingereza walikuja, Wenyeji wakawasaidia, wakala pamoja na kuwa marafiki. Nyumbani aongezewe kilichobaki, kwa kadiri ya umri wake. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwishoni mwa 1620, na takriban nusu yao walikufa kabla ya majira ya baridi kwisha. Aliyewafundisha kupanda mahindi alikuwa Tisquantum, mtu wa kijiji cha Patuxet, ambaye mwaka 1614 alitekwa na kupelekwa Hispania ili auzwe, akafika Uingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 akakuta kijiji kizima kimekwisha kwa maradhi. Mji wa wageni hao, Plymouth, ulijengwa juu ya ardhi ya kijiji hicho. Karamu ya 1621 ilidumu siku tatu, na mgeni mmoja aliyeshuhudia aliandika kwamba mkuu wa Wawampanoag, Wenyeji wa eneo hilo, aitwaye Massasoit, alifika na wanaume wapatao 90 waliokwenda kuwinda paa watano. Hawakula viazi wala pai ya boga. Miaka 54 baadaye, mwaka 1675, mwana wa Massasoit aitwaye Metacom alikuwa akipigana vita dhidi ya watoto wa Waingereza walioshiriki karamu ile.

Sikukuu kama inavyojulikana leo ilitangazwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuwaandikia viongozi kwa miaka mingi, na Bunge liliiweka Alhamisi ya nne mwaka 1941. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea anafaa pia kujua kwamba tangu 1970 Wenyeji wa Marekani hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kwa maombolezo, na kwamba Wawampanoag bado wapo Massachusetts. Kwa sababu hiyo sioni vizuri kumvika mtoto taji la manyoya ya karatasi. Badala yake mwonyesheni mahindi, maharage na boga, mazao yanayoitwa dada watatu, ambayo Wenyeji wa sehemu nyingi waliyapanda pamoja: hindi humpa harage mti wa kupandia, harage hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na majani mapana ya boga hufunika ardhi yasipenye magugu. Mtoto anayetoka katika familia iliyolima ataelewa mara moja, na huenda akakukumbusha kwamba hata shambani kwa babu mambo yalikuwa hivyo.

Jikoni

Boga kubwa la kuchongwa sura lina nyama yenye nyuzi na maji mengi, kwa hiyo kwa kupika chagua lile dogo zito lenye kikonyo kigumu. Mtoto achokoe mbegu kwa kijiko, akisie ni ngapi, kisha azipange makumi makumi na kuzihesabu kwa Kiswahili, maana hesabu ya sabini, themanini na tisini haishiki bila sababu ya kuifikia. Mbegu huoshwa, hukaushwa kwa taulo, hupakwa mafuta kidogo na chumvi, na huokwa kwa nyuzi 325 za Farenhaiti dakika 20 hadi 25, zikigeuzwa mara moja au mbili. Boga lenyewe laweza kuwa pai, nalo likipikwa kwa tui la nazi na iliki halitaona aibu mbele ya pai yoyote.

Kranberi, matunda madogo mekundu yenye uchachu, ndizo kazi bora ya mtoto mdogo. Tunda zima hudunda likiangushwa mezani, kwa kuwa ndani lina vyumba vinne vya hewa, ambavyo ndivyo vinavyolifanya lielee mkulima anapojaza maji shambani wakati wa kuvuna. Likate katikati muone. Mfuko wa wakia 12 hupikwa na kikombe kimoja cha maji na kimoja cha sukari kwa dakika kama kumi, hadi matunda yapasuke kwa mlio, nayo huganda yenyewe yakipoa. Hii yaweza kupikwa Jumanne ikakaa kwenye friji.

Makopo yaliyoandikwa "yams" kwa kawaida ni viazi vitamu vya rangi ya chungwa, si viazi vikuu. Vikipikwa kwa mtindo wa huko hufunikwa kwa marshmallow, peremende laini nyeupe, ambazo nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, kwa hiyo familia za Kiislamu zisome pakiti, zitafute za halali au ziweke karanga zilizosagwa na sukari ya kahawia. Bata mzinga wa halali naye aagizwe buchani mapema, mwanzoni mwa Novemba ikiwezekana.

Sasa bata mzinga mwenyewe, ambaye hesabu yake mwachie mtoto anayejifunza kugawanya. Kadiria ratili moja kwa kila mlaji. Aliyegandishwa huyeyuka ndani ya friji kwa saa 24 kwa kila ratili nne hadi tano, kwa hiyo wa ratili 12 atolewe kwenye friza Jumapili na wa ratili 20 atolewe Jumamosi. Mwaka wetu wa kwanza tulimtoa wa ratili 14 Jumatano jioni, na Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa bado jiwe. Njia ya kuokoa ni maji baridi: ndege abaki ndani ya plastiki isiyovuja, azamishwe, maji yabadilishwe kila nusu saa, na kila ratili ihesabiwe nusu saa. Binti yangu alikaa na saa karibu na sinki akapiga kelele "maji!" mara kumi na nne, na wageni tuliowaalika saa nane mchana walikula saa moja usiku. Aliyeyeyushwa kwa njia hii hapikwi kesho, hupikwa papo hapo.

Wengi wetu tumelelewa kuosha kuku kwa ndimu, lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri ndege asioshwe, kwa kuwa matone ya maji hurusha bakteria kwenye sinki na vyombo. Ndimu ipakwe juu yake pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na siagi, na mikono ndiyo ioshwe. Oveni iwe nyuzi 325, na wa ratili 12 hadi 14 asiyejazwa kitu tumboni huchukua saa tatu hadi tatu na dakika 45. Mkate wa kujazia upike kwenye chombo chake, kwa kuwa ndani ya ndege huchelewa kuiva katikati. Usiamini rangi ya ngozi. Mtoto mkubwa asome kipimajoto kilichochomekwa ndani ya paja, kwenye kina cha kifua na ndani ya bawa bila kugusa mfupa, na namba isipungue nyuzi 165, yaani nyuzi 74 za Selsiasi. Wadogo, muda huo oveni ikiwa wazi na mafuta yakichemka, watazame kwenye televisheni gwaride la duka la Macy's la New York, lenye maputo makubwa, ambalo lilianza mwaka 1924.

Mezani, badala ya kumlazimisha kila mtu kutaja jambo analoshukuru, kila chombo kinapofunuliwa tunataja aliyekitengeneza. Mtoto wa miaka minne aliyechambua kranberi hunyamaza akisubiri jina lake.

Chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Nyama itenganishwe na mifupa, igawanywe kwenye vyombo vifupi vipoe upesi, na anayejua kuandika abandike tarehe juu ya kila kifuniko. Ijumaa asubuhi mifupa iingie sufuriani na karoti, kitunguu na pilipili manga, ichemke taratibu kwa saa tatu, kisha supu ichujwe na kutiwa mchele. Vilivyomo kwenye friji huliwa ndani ya siku tatu hadi nne, kwa hiyo Jumatatu usiku mwandishi wa tarehe ndiye anayefungua friji, kusoma vifuniko na kuamua kinachobaki na kinachotupwa.